Mwenye Mimba ya Pacha na Wajibu Wetu Kwake

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mwenye kuumba Atakacho. Humruzuku Amtakaye wana wa kike, humruzuku Amtakaye wana wa kiume, na Amtakaye humchanganyia. Na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika darasa letu la baada ya Magharibi kijana mmoja alileta suala ambalo tumeona si la nyumba yake peke yake. Mkewe ana mimba ya pacha, nayo yapata miezi sita. Ameonyeshwa daktari, na daktari amesema kuwa pacha hao wote wawili walishwa na kondo moja, na kwamba shinikizo la damu la mama limeanza kupanda. Kwa hiyo ataka mwanamke huyo apimwe kila wiki mbili bila ya kukosa, na huenda akalazwa hospitali, na huenda watoto wakatolewa kwa kupasuliwa kabla ya miezi yao kutimia. Mama yake kijana hakupendezwa na maneno hayo. Asema yeye na ndugu zake wamezaa majumbani, na miongoni mwao mna waliozaa pacha, na kwamba kukimbilia hospitali kila mara ni upungufu wa kumtegemea Mungu. Jirani naye amesema kuwa hicho kichwa kimuumacho mkewe usiku si presha, bali kuna "mtu" aliyempanda, na amemwelekeza kwa fundi. Kijana akauliza: Jee, Sheria yasemaje? Na Ramadhani ikimkuta katika hali hii, afunge? Na akifa mtoto mmoja, hukumu yake ni ipi?

Pale darasani alijibiwa kwa ufupi. Hapa twataka kueleza kwa urefu, kwani mambo haya yakicheleweshwa hugharimu roho, na mara nyingine roho tatu kwa pamoja.

Kwanza yafaa tuijue mimba yenyewe, maana Maulamaa wamesema kuwa hukumu juu ya kitu ni tawi la kukijua kitu hicho. Pacha ni namna mbili. Wako walioumbwa kutokana na mayai mawili, na hawa kila mmoja huwa na kondo lake. Nao ndio wale ambao huenda mmoja akawa mweupe na mwenziwe maji ya kunde, mmoja wa kiume na mwenziwe wa kike. Na wako walioumbwa kutokana na yai moja lililogawanyika, na hawa mara nyingi hushirikiana kondo moja la nyuma, ambalo wengine huliita zalio. Hapo ndipo penye hatari ambayo bibi zetu hawakuwa na njia ya kuiona. Mishipa ya damu ya watoto hawa huungana ndani ya lile kondo, na katika mimba kama 10 hadi 15 kwa kila 100 za namna hii, damu huelekea upande mmoja. Mmoja hutoa na mwenziwe hupokea. Mwenye kutoa hudhoofu na maji yake hukauka. Mwenye kupokea hujaa maji na moyo wake ukaelemewa. Wakiachwa hivyo, aghlabu hufa wote wawili. Lakini hali hiyo ikionekana mapema ina tiba, nayo ni daktari kuingiza chombo chembamba tumboni akaichoma kwa mwanga ile mishipa inayounganisha. Tiba hiyo haipatikani kila mahali. Ila mahali pasipokuwa nayo kuna angaa kungalia, na kuchagua siku ya kuwatoa watoto kabla hawajaangamia.

Basi hii ndiyo sababu ya daktari kutaka apimwe kila wiki mbili. Hakutaka kumsumbua mtu, wala hakutaka fedha za kijana. Na ijulikane pia kwamba wakati mzuri wa kujua kama pacha wana kondo moja au mawili ni baina ya wiki ya 11 na ya 14, kwa ile picha ya mawimbi ya sauti. Mwanamke anayekwenda kuonana na mkunga mara ya kwanza akiwa na miezi saba, kwa kuona haya au kwa kuogopa kijicho cha watu, wakati huo umekwisha kumpita.

Ama mama mwenyewe, naye ana hatari zake. Mwenye pacha hupungukiwa na damu kwa haraka kuliko mwenye mtoto mmoja. Shinikizo lake la damu hupanda zaidi. Tumbo lake la uzazi hutanuka mno, na akisha kuzaa huenda likawa zito kujikaza, damu ikamwagika kama maji. Zaidi ya nusu ya pacha huzaliwa kabla ya wiki ya 37. Na jambo ambalo wakunga wote wa zamani walilijua ni kuwa pacha wa kwanza huenda akatoka salama kwa kichwa, nyumba ikapiga vigelegele, kumbe yule wa pili amelala kitanga tumboni.

Nasi twamheshimu mama yake kijana, kwani ni mama yetu, na hayo aliyoyasema hakuyasema ila kwa mapenzi. Lakini twamwomba atafakari neno moja. Wale waliozaa nyumbani salama ndio waliobaki wakatusimulia. Waliokufa kwa uzazi hawakusimulia kitu. Na makaburi yao yamo katika maziara yetu, kutoka Vanga hadi Kiunga. Katika Kenya hii yetu, hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa wanawake 355 hufa kwa ajili ya uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Na Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2023 walikufa wanawake wapatao 260,000 ulimwenguni kwa sababu ya mimba na uzazi, yaani zaidi ya 700 kila siku ipitayo. Wengi wa hawa walikufa kwa maradhi ambayo dawa yake inajulikana.

Sasa tuje kwenye neno la tawakuli. Mwenye kuacha sababu akasema anamtegemea Mungu, huyo hakuifahamu tawakuli aliyofundisha Mtume (S.A.W.). Mtu mmoja alimuuliza Bwana Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga kisha amtegemee Mungu, akaamrishwa amfunge kwanza ndipo ategemee. Hadithi hii ameipokea Tirmidhi. Na mabedui walipomuuliza kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawajulisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila Ameuwekea na dawa, isipokuwa uzee. Ameipokea Abu Daud. Na Sayyidna Umar (R.A.) aliporudi njiani asiingie Sham kwa sababu ya tauni, Abu Ubaida alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kuwa ni kweli, wanaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Hospitali nayo ni kadari ya Mungu. Damu ya kuongezewa ni kadari ya Mungu.

Na mfano ulio karibu zaidi na jambo letu ni wa Bibi Maryam. Mwenyezi Mungu ametusimulia katika Sura yenye jina lake namna alivyoshikwa na uchungu akaegemea shina la mtende, akatamani lau angalikuwa amekufa kabla ya siku ile. Huyo ni mwanamke aliyesifiwa na Mungu juu ya wanawake wa walimwengu, wala kulalamika kwake kwa uchungu hakukuhesabiwa kuwa ni upungufu wa imani. Wanaowakaripia wake zetu wakilia katika uzazi na waizingatie aya hiyo. Kisha akaamrishwa alitikise lile shina ili zimwangukie tende. Mtende hautikisiki kwa mkono wa mzazi! Na Mola aliyemruzuku chakula katika mihrabu bila ya sababu Aliweza kumwangushia tende bila ya kunyoosha mkono. Lakini Alimwamrisha anyooshe mkono.

Twaja sasa kwenye lile ambalo limetufanya tushike kalamu, nalo ni habari ya "mtu wa kichwani". Ndugu wasomaji, kuna ugonjwa uitwao kifafa cha mimba. Huanza kimyakimya baada ya wiki ya 20 ya mimba, na wenye pacha ndio wanaoshikwa nao zaidi. Shinikizo la damu hufika 140 kwa 90 au zaidi, na mkojo huonekana na utomvu kama ute wa yai. Kisha huja dalili: kichwa kikali kisichoachia, macho kuona ukungu au vimetameta, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono kuvimba kwa ghafla. Asipotibiwa huanguka. Macho hugeuka, meno hukazana, mwili hutetemeka wote, povu humtoka, kisha huzimia. Na yaweza kumjia hata baada ya kuzaa, siku chache akiwa katika arubaini yake, watu wote wamekwisha kujiaminisha.

Hebu mwangalieni mwanamke huyu kwa macho ya watu wetu. Anatetemeka, haongei, hamjui mumewe, akizinduka hakumbuki lililotokea. Mara husemwa: amepagawa. Huletwa ubani, huletwa fundi, huandikwa kombe akanyweshwa naye hajitambui, maji yakaingia mapafuni. Hufungiwa chumbani ili pepo asikasirike. Usiku mzima hupita hivyo, na kifafa humrudia mara ya pili na ya tatu, na watoto tumboni hawapati pumzi. Alfajiri ndipo hutafutwa gari. Hospitali huambiwa mmechelewa, na watu hurudi mjini wakisema hospitali imemuua, au wakisema yule pepo alikuwa mkali.

Sisi hatukanushi kuwapo kwa majini. Qur'ani imewataja, na mwenye kukanusha ameikanusha Qur'ani. Lakini tumeamrishwa tusilifuate tusilokuwa na ujuzi nalo. Presha yapimwa kwa kanda ya mkononi kwa muda wa dakika mbili, na mkojo wapimwa kwa kijiti. Fundi yeye apima kwa kitu gani? Na dawa ya kifafa hiki si siri. Ni sindano ya chumvi iitwayo magnesiamu salfeti. Ilijaribiwa pamoja na dawa nyingine, matokeo yakatangazwa mwaka 1995, ikaonekana kuwa ndiyo bora ya kuzuia kifafa kisirudi. Kisha mwaka 2002 yakatangazwa matokeo ya wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 waliokuwa na presha ya mimba, ikaonekana kuwa waliochomwa sindano hii walishikwa na kifafa kwa nusu tu ya wale wasiochomwa. Ama dawa ya kuukata ugonjwa wenyewe ni kutoka kwa watoto na kondo lao. Na ndiyo maana daktari husema wakati mwingine: tuwatoe, ijapokuwa hawajatimia. Na kuna aspirini kidogo ambayo wenye kuhofiwa presha hupewa tangu kama wiki ya 12. Lakini hii ni kwa amri ya daktari, asije mtu akaisoma hapa akaenda kununua dukani.

Na kumsomea mgonjwa Qur'ani ni Sunna wala hatuizuii. Msomeeni Fatiha na Muawwidhatein garini, mkiwa njiani.

Kuna hadithi mbili ambazo kila mwenye kutoa ushauri katika nyumba ya mgonjwa anapaswa azihofu. Ya kwanza ameipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir (R.A.): Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe akapasuka kichwa, kisha akaota na kupaswa na josho. Akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hawamwonei ruhusa naye ana maji. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na akawalaumu kwa kutouliza hali ya kuwa hawajui. Tazameni: hawakumpiga mtu yule, wala hawakumtilia sumu. Walimpa fatwa tu! Na nia yao ilikuwa kuchunga dini. Basi atakuwaje anayemwambia mwenye presha ya mimba asiende hospitali? Hadithi ya pili, nayo ni ya Abu Daud na Nasai, ni kwamba mwenye kutibu hali ya kuwa hajulikani kwa utabibu, huyo ni mdhamini, yaani yatakayomfika mgonjwa ni juu yake. Na wanavyuoni wetu wamejenga juu yake mlango mzima wa fidia. Mafundi wetu wanaochukua mbuzi na kaniki kwa kumtoa pepo mwanamke mwenye mimba, wangaliijua hadithi hii wasingalilala.

Na wala asiseme mtu kuwa utabibu wa uzazi ni jambo la kizungu. Abul-Qasim Az-Zahrawi wa Andalusia, aliyeishi yapata miaka elfu iliyopita, katika kitabu chake At-Tasrif aliwaeleza wakunga namna ya kumshughulikia mtoto aliyekaa vibaya tumboni, na akachora picha za vyombo vya kazi hiyo. Na katika zama za Mtume, Bibi Rufaida alikuwa akiwatibu majeruhi Madina, na Ummu Atiyya akitoka katika vita kuwauguza. Ingekuwa bora tuwasomeshe binti zetu wawe madaktari wa wanawake kuliko kulalamika kila siku kuwa madaktari ni wanaume. Mpaka tutakapowapata wa kutosha, hukumu inajulikana: akipatikana mwanamke mjuzi ndiye wa kutangulizwa, na asipopatikana mwanamume aruhusiwa kwa kadiri ya haja, na awepo mahramu au muuguzi wa kike. Mwanamke asiachwe kufa kwa ajili ya kuona haya kwa mumewe.

Idhini ya mume nayo imekuwa balaa. Mume yuko baharini, au ni dereva wa masafa, au yuko Ghuba kwa kazi, na mkewe yuko kitandani damu yatoka, na jamaa wasema: tungoje tumpate kwenye simu. Mwanamke baleghe mwenye akili ndiye mwenye idhini ya mwili wake katika kutibiwa. Na Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jidda, katika uamuzi wake wa mwaka 1992 juu ya matibabu, lilibainisha kuwa kujitibu huwa ni wajibu iwapo kuacha kutapelekea kuangamia nafsi au kiungo, na kuwa pale maisha yanapokuwa hatarini tiba haingojei idhini. Hata hivyo, mume mwenye busara hangoji kuulizwa. Tangu mwezi wa tano amwambie mkewe mbele ya mama zao wote wawili: "Siku yoyote utakapojisikia vibaya, toka, wala usiningoje." Kisha aweke nauli mahali inapojulikana.

Twasema nauli kwa kuwa pwani yetu ina bahari. Aliye Faza au Kizingitini, uchungu ukimshika usiku na Kusi inavuma, mpaka boti ifike Amu ni Mungu tu ajuaye. Aliye Likoni atangojea feri. Kwa hiyo mwenye pacha asiye karibu na hospitali yenye daktari wa upasuaji na damu, ni vema ahamie mapema kwa jamaa walio karibu nayo, angaa tangu mwezi wa saba. Kwetu hakukosekani shangazi Amu wala khaloo Mombasa. Na bima pia iangaliwe. Tangu Oktoba 2024 ile NHIF ya zamani imeondoka na mahali pake pameshikwa na SHA. Mume ahakikishe jina lake na la mkewe yamo kabla ya siku ya shida. Na jambo lililo bora kuliko yote ni damu. Wanaume wa mtaa waende wakatoe damu wakiwa wazima, kwani mzazi aliyemwagikwa na damu hana saa moja ya kungoja tutafutane misikitini. Twakumbuka kuwa Mwenyezi Mungu katika Sura ya Maida Amemfanya mwenye kuihuisha nafsi moja kama aliyewahuisha watu wote. Na katika damu ya mtu mmoja huenda zikahuika nafsi tatu.

Ama saumu. Mimba ni udhuru uliothibiti katika hadithi ya Anas bin Malik Al-Kaabi, kwamba msafiri na mwenye mimba na mwenye kunyonyesha wamepunguziwa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mwenye mimba akijihofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na watoto, atafungua na kulipa tu. Akiwahofia watoto peke yao, atafungua na kulipa na kutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Na wengine huuliza: jee, wakiwa pacha atatoa vibaba viwili? Hapana, fidia haizidi kwa wingi wa watoto, kwani ni badala ya siku na siku ni moja. Huyu aliyeulizwa habari zake ana presha na ana pacha wa kondo moja. Daktari mwaminifu akisema saumu itamdhuru, haimfalii kufunga, na akijilazimisha akajiangamiza atakuwa na dhambi, naye adhani yumo katika ibada.

Kuhusu watoto kutolewa kabla ya wakati, wengi huogopa neno hilo, na haki yao. Lakini Mwenyezi Mungu Amewafunulia watu njia. Tangu mwaka 1972, kwa kazi iliyofanywa New Zealand, imejulikana kuwa mama akipigwa sindano maalumu kabla ya kuzaa, mapafu ya mtoto hukomaa mapema. Na utafiti wa Shirika la Afya uliotangazwa mwaka 2020, ambao Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi zake, ulionyesha kuwa sindano hiyo, ikitolewa katika hospitali zinazoweza kuwatunza wachanga, hupunguza vifo vyao. Ila haifanyi kazi papo hapo; yataka kama siku nzima. Aliyefika hospitali kichwa cha mtoto kimekwisha kuonekana haitamfaa.

Na baada ya kuzaliwa, mtoto mdogo huwekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, akafungwa kwa kitambaa usiku na mchana. Haya yalianza Bogotá, katika Colombia, mwaka 1978 kwa uhaba wa mashine za joto, kisha ikaonekana kuwa yana manufaa makubwa hata penye mashine. Mwenye pacha ana vifua vingapi? Basi mmoja abebwe na mama, na wa pili abebwe na baba. Tumesikia wanaume wakisema ni aibu mwanamume kukaa wodini kifua wazi na kichanga. Mtume (S.A.W.) aliswali hali ya kuwa amembeba Umama, mjukuu wake, akiinama humweka na akisimama humwinua, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Huyo ndiye mbora wa wanaume.

Lililobaki ni zito, lakini kijana ameuliza na haifai kulificha. Huenda ikawa, pamoja na kufanya yote haya, mmoja wa pacha akafa au wote wawili. Mtoto aliyetoka akalia, au akaonyesha alama ya uhai, ijapokuwa kwa kitambo kidogo, huoshwa na kukafiniwa na kuswaliwa na kuzikwa. Asiyeonyesha uhai, akiwa ametimiza miezi minne tumboni, huoshwa na kukafiniwa na kuzikwa, wala haswaliwi, kwa kauli inayotegemewa katika madhehebu. Hukumu ya kila mmoja ni yake peke yake. Yule aliye hai hamshiki mwenziwe. Na mama asiambiwe, "Shukuru umebakiwa na mmoja." Maneno hayo husemwa kwa nia njema, nayo huchoma. Bwana Mtume alipowaahidi wanawake kuwa aliyefiwa na watoto watatu watakuwa ni kinga yake na Moto, mwanamke mmoja aliuliza, na wawili jee? Akamjibu kuwa na wawili pia. Mwanamke yule aliuliza kwa niaba ya kila mama aliyezika pacha.

Na mama mwenyewe akifa kwa mimba yake, Mtume (S.A.W.) amemhesabu miongoni mwa mashahidi. Lakini fadhila hii ni kitulizo cha waliofiwa baada ya kufanya juhudi, wala haikuwekwa iwe udhuru wa waliomchelewesha. Maulamaa wa madhehebu yetu wamesema kuwa mwanamke akifa na tumboni mwake mna mtoto anayetarajiwa kuishi, tumbo lake hupasuliwa atolewe. Ikiwa maiti, pamoja na heshima yake yote, hupasuliwa kwa ajili ya mtoto, vipi tutasita kupasuliwa aliye hai kwa ajili yake yeye na wanawe?

Mwisho kijana aliuliza habari ya akika, na suala lake hili tumelifurahia, kwani lina matumaini. Kila pacha ana akika yake, hawachangii mnyama mmoja kama walivyochangia kondo. Wa kiume mbuzi wawili na wa kike mmoja. Asiyeweza, mmoja kwa kila mtoto wa kiume watosha. Na akiwa ana deni la hospitali aanze na deni, kwani deni ni wajibu na akika ni Sunna, na wakati wake haufungiki siku ya saba. Ama majina ya Hasan na Husein ambayo watu wetu hupenda kuwapa pacha wa kiume, ni majina ya baraka, ijapokuwa wajukuu hao wa Mtume hawakuwa pacha. Husein alizaliwa mwaka uliofuata. Naye kijana, tangu siku ile ya darasa, amekwisha kumpeleka mkewe mara mbili, na mara ya pili mama yake alifuatana nao.